Kahawa ya Akina Masika

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unalisingizia ili usitumwe sokoni? Mimi mzima, ila watu wenye akili nyingi wamenichosha. Mwandiko ukiharibika, ujue ni hasira.

Kazi yangu ni ileile, kupokea kahawa hapa Bwera iende kiwandani Kasese. Msimu huu kampuni kubwa ya ng'ambo inayoinunua imetaka kujua kila gunia limetoka shamba la nani, isije ikawa imelimwa ndani ya hifadhi au imechumwa na watoto. Jambo jema, sikatai. Lakini wakatuletea mkaguzi kutoka Nairobi, shati limenyooka kuliko barabara ya Kikorongo. Akafungua kompyuta, akaona kwenye orodha ya wakulima Masika, Biira, Masika, Masika, akaifunga.

"Hawa ni wakulima hewa," akasema. "Mmeandika mtu mmoja mara nyingi. Hatununui mpaka mseme ukweli."

Mama, Wakonzo, wenyeji wa huku, humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa! Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, nyumba zote hivyohivyo. Ukiita Masika gulioni, nusu ya wanawake wanageuka. Majina ya ubatizo nayo hayasaidii, maana akina Maria wamejaa. Nilieleza mpaka koo likakauka. Akanijibu kwamba kompyuta haijui mila.

Jirani yangu, mjane, naye ni Masika. Akamsogelea mkaguzi na gunia lake, akamwonyesha mwenzake aliyekuwa nyuma yake.

"Mimi niko Masika juu mama alinizala wa kwanza. Huyu naye, mama yake alimuzala wa kwanza. Sasa kosa iko ya mama zetu?"

Mkaguzi akaangalia saa.

Kahawa mbivu haingoji, mama. Isipomenywa siku hiyohiyo inachacha, na jasho la mwaka mzima linamwagwa. Magunia yalishaanza kuchuruzika juani. Nikapandwa na hasira, nikavuta kompyuta, nikawagawia wale wanawake majina ya mtaa wetu wote wa Ujiji: shangazi Tatu, mkunga Chausiku, hata yule muuza maandazi aliyekuibia sufuria. Kompyuta ikameza yote, na mkaguzi akanisifu kwa kusema ukweli! Yule mjane nilimpa jina lako.

Jana tumeletewa pakiti kutoka ng'ambo. Imeandikwa kwamba kahawa hii imelimwa na Mwajuma binti Salehe, mkulima wa Bwera. Nilimsomea jirani yangu nikidhani atacheka.

"Kahawa ni yangu," akasema, "jina ni ya mama yako. Mimi niko wapi?"

Nimeona aibu, mama, na hasira zimenipanda upya.

Nisalimie shangazi, mwambie ana shamba huku. Msalimie kaka Ramadhani na mkewe, na mkunga wetu pia. Na wewe Ijumaa ukiomba dua, mwombee jirani yangu. Mtaje Masika.

Mwanao,
Zuhura