Nimelegeza Upinde wa Kevo

Jumamosi jioni, Kitengela. Upepo umeingiza vumbi hadi kwenye vikombe, na mimi nina hasira tangu mchana.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mimi ndiye niliyelegeza upinde wa Kevo.

Si kwa bahati mbaya. Nilikusudia. Ilikuwa Alhamisi mchana, mwenyewe akiwa kwenye mpira.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: Kevo ni kaka yangu mkubwa, na upinde wenyewe ni wa kuvulia samaki. Baba ana bwawa shambani, upande wa Isinya, lililotandikwa karatasi nzito nyeusi ya plastiki ili ardhi isinywe maji. Tulifuga tilapia. Kisha kambare wakaingia, nadhani walichanganyika na vifaranga tuliouziwa, wakanenepa kwa kula watoto wa tilapia. Wavu hauwapati. Ukiuburuta wanalala chini kabisa, unapita juu yao. Lakini kambare lazima apande juu kuvuta hewa, na hapo ndipo unampiga kwa mshale uliofungwa kamba, kisha unamvuta hadi ukingoni. Baba akanunua upinde wa mitumba, ule wa kisasa wenye magurudumu madogo kwenye ncha, akamkabidhi Kevo.

Mimi, binti yake, nilikabidhiwa ndoo.

Siku ya kwanza tu, Kevo alikaza bolti zote mbili, zile zinazoamua ugumu wa kuuvuta, hadi zikagoma. Nyumbani kwetu upinde unapimwa kwa jinsi unavyomtoa mtu jasho. Kila mgeni wa kiume akija anapewa auvute, na akishindwa anachekwa hadi chai iishe. Hakuna anayeuliza kama samaki wamepatikana.

Hawakupatikana. Kevo alivuta huku mkono unatetemeka, mshale ukaenda unakotaka. Na ulikwenda kwa nguvu kupita kiasi, katika bwawa lisilo na kina kikubwa. Jumamosi moja nilipokuwa nikiurudisha kwa kamba, nilikuta kipande cha karatasi nyeusi kimenasa kwenye ncha yake.

Nilimwonyesha Baba. Akasema ni takataka. Maji yalipoanza kushuka akasema ni jua. Jirani yetu pale shambani, Baba Naserian, ndiye aliyekuja akicheka. Chini ya ukuta wa bwawa nyasi zilikuwa zimechipuka katikati ya kiangazi, na mbuzi wake walikuwa wameshapajua.

"Bwawa lako linanyonyesha mbuzi wangu," alimwambia Baba. "Ashe, rafiki. Asante sana."

Baba akacheka pia. Kisha akapiga simu aletewe bowza, lori zima la maji.

Bowza! Tunanunua maji tuyamwage, ili mtu aonekane ana mikono!

Mimi si msemaji. Nikisema jambo likapuuzwa, sauti yangu hukauka, na mara ya pili haitoki. Basi nilikaa nikasoma, kwa sababu tangu nimalize shule, Fomu Foo, nina muda. Nikaelewa kwamba samaki aliye karibu nawe hahitaji nguvu nyingi. Unahitaji upinde unaoweza kuuvuta tena na tena bila kuchoka, na mshale unaobaki ndani ya samaki badala ya kumpita ukachome sakafu.

Nilitundika mizani yetu ya kupimia samaki kwenye chuma cha tangi. Nikapitisha uzi wa upinde kwenye ndoano, nikauvuta upinde kwenda chini kwa uzito wangu wote. Sindano ilipanda hadi kilo ishirini na tano. Nikachukua ile spana nyembamba iliyopinda. Bolti ya juu mzunguko mmoja, ya chini mzunguko mmoja, bila upendeleo, kwa sababu upande mmoja ukilegea kuliko mwenzake upinde unakwenda upogo. Nikapima. Nikalegeza tena. Kwenye kilo kumi na nane nikaacha, bolti zikiwa bado zimeshika vizuri.

Kisha nikauvuta mwenyewe, hadi kidole kikagusa shavu. Nikaurudisha polepole, maana upinde hauachiliwi bila mshale.

Nilitaka kulia. Kumbe ninaweza.

Leo tukaenda shambani. Kambare akapanda, Kevo akavuta, mkono ukatulia. Mshale ukaingia mgongoni ukabaki hapohapo. Baadaye akapiga mwingine, mnene kama mkono wa Baba.

Hebu msikie wenyewe.

"Mkono umeiva!" Kevo alipiga kelele. "Ni hii gym, Baba. Nilikuambia."

"Sasa huyu ni mwanaume," Baba akasema, akampiga begani.

"Ero, kijana, leo umekula nini?" Baba Naserian akamuuliza. "Maanake si hiyo nyoka yenu ya maji. Hiyo haiwezi kumpa mtu nguvu."

Wakacheka wote watatu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikimpasua kambare wa kwanza tumbo. Nikakagua ncha ya mshale. Hakukuwa na karatasi. Nikajipa moyo, nikasema, "Kevo, nijaribu mara moja?"

"Wee Neke, hii si kamba ya kuanika nguo. Utang'oka bega."

"Wacha kaka yako amalize kazi," Baba akasema, wala hakugeuka.

Kazi! Ile kazi niliyoifanya mimi!

Niliosha kisu. Niliosha ndoo. Nilitafuta kitu kingine cha kuosha, nikakosa.

Kisha nikasikia jambo lililonifanya nigeuke. Kevo alimwambia Baba kwamba sasa upinde amekwisha kuuzoea, ataukaza zaidi. Baba, akiwa ameinua kambare wawili kama mtu anayepigwa picha, akasema, "Usiguse kitu. Kama unatoa samaki, uache hivyohivyo."

Hivyohivyo ndivyo nilivyouweka mimi.

Najua mtasema ningejitokeza pale pale. Nimewaza hivyo njia nzima. Lakini namjua Kevo. Akijua kwamba mkono wake uliiva kwa spana yangu, jioni hiyohiyo atazikaza bolti hadi zigome, ili kusiwe na shaka, na Jumamosi mshale utatoboa karatasi tena, mbuzi wa Baba Naserian wapate nyasi mpya. Kwa hiyo, ili bwawa la Baba lisitobolewe tena, ni lazima nimeze maneno yangu na kumwachia Kevo sifa. Nani alipanga iwe hivi? Na kwa nini anayenyamaza ni mimi kila mara?

Sitanyamaza yote. Jumamosi ijayo nitauomba upinde tena, kwa sauti, Baba Naserian akiwepo. Wakicheka, wacheke. Nitauomba hadi wachoke kukataa, kisha nivute mbele yao wote, na kambare awe shahidi.

Hadi siku hiyo, nawasihi. Kevo hasomi kitu kisicho na picha, lakini nyinyi mna midomo. Mkikutana naye hapa mjini, msalimieni. Mpongezeni kwa mkono ulioiva, mwacheni atabasamu, halafu mpite njia yenu bila kusema neno.