Ngatu ya Harusi ya Fane

Kwa mdogo wangu mpendwa Inoke,

Nakusalimu kwa jina la Mungu anayekulinda wewe huko ugenini na kutulinda sisi hapa Vava'u. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kifua ulichomlalamikia mkeo Pisila kwenye simu kimepona, na matufaha ya wenyewe hayajakuvunja mgongo. Sisi hatujambo. Shemeji yako Feleti anakusalimu sana; goti linamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Viazi vikuu vyako vimetambaa vizuri. Nguruwe wako jike amezaa, na watoto wake kila asubuhi wanalima bustani ya mchungaji. Mchungaji amehubiri juu ya uvumilivu Jumapili mbili mfululizo, na kanisa zima lilikuwa likigeuka kumwangalia mkeo. Pisila naye aliimba kwa sauti kuliko wote, kama kwamba nguruwe si wake.

Utashangaa kuona nimekuandikia. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya huko mnaisikiliza chumba kizima, na haya si maneno ya kusikilizwa na watu. Tena wewe na mimi hatujazoea kuelezana. Tangu ulipoanza kunyoa ndevu hatujalala chini ya paa moja wala kutaniana, ndivyo tulivyolelewa, na mimi niliipenda sana heshima hiyo kwa sababu kila mara ilinipa mimi kiti. Dada hamwombi kaka yake kitu, anachukua. Dada hajielezi. Leo najieleza, na naona haya hata kabla sijaanza. Semisi fundi wa mashua anakuja huko kwa kazi hiyo hiyo ya matunda, nimempa barua akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Umeambiwa kwamba harusi ya binti yako Fane imesogezwa mbele kwa sababu ya mvua. Pisila ndiye aliyekuambia, na mvua kweli imenyesha, kwa hiyo hakukudanganya. Lakini mvua haina kosa lolote. Alikuficha kitu kingine, na alikificha kwa kunistahi mimi.

Nianze mwanzo. Habari ya uchumba niliisikia dukani, nikinunua chumvi. Muuza duka aliniambia hongera, nikamwuliza hongera ya nini. Akacheka, akidhani nafanya mzaha, akasema ya Fane na Lisiate, kwani si wazee wa kijana walishakuja na kava ya posa nyumbani kwa Inoke, ikanywewa, mambo yakakubaliwa? Nikamwambia aa, hiyo, nilidhani una jambo jipya. Nikatoka bila chumvi. Njiani masikio yalikuwa yananiwaka. Mimi, shangazi mtu! Mimi niliyempa mtoto jina, mimi nitakayekaa mbele siku ya harusi, naambiwa na mtu anayepima sukari!

Pisila alikuja baadaye kunieleza. Alisema wazee wa Lisiate walifika ghafla kwa sababu meli yao ya kurudi Nuku'alofa ilikuwa inaondoka kesho yake, na wewe ulikuwa umefunga mizigo ya safari, na mimi nilikuwa hospitalini Neiafu nikimwuguza mama mkwe. Mlikuwa mmepanga kunijia pamoja, ndege ikakuwahi. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilijua ni kweli. Nikamwambia hamna neno, wifi. Lakini neno lilikuwapo, Inoke. Nililiweka tu.

Mama mkwe akafariki. Siku moja kabla ya maziko nilikwenda kwenu. Nilimkuta Pisila na wanawake wenzake wametandaza uwanjani ngatu ya Fane, kile kitambaa cha magome cha kukalia bibi harusi, wanapitisha ile mistari myeusi ya mwisho. Unaijua ngatu yenyewe. Miche ya magome yake uliipanda kwa mkono wako nyuma ya nyumba, kabla hata Lisiate hajaijua njia ya kuja kwenu. Pisila aliikata, akaiambua, akaigonga mpaka majirani wakalizoea gongo lake kama kengele ya kanisa. Sijapata kuona kazi kama ile. Rangi ya mti wa koka imeiva, imekolea kila mahali sawasawa, na maua aliyochora pembeni yalikuwa membamba. Wanawake walikuwa wanacheka. Mmoja wao, yule mjane anayekaa mwisho wa kijiji, alikuwa akisema ngatu ni ndefu mno hii, usiku wa harusi Lisiate atapotelea humo na bibi harusi atalazimika kumtafuta kwa taa. Pisila akaniona, akaniita kwa furaha, karibu wifi, njoo nawe uchafue mikono, mikono yako imeshasahau koka inanuka vipi.

Nikasimama ukingoni. Nikasema inapendeza kweli. Nikasema itamfaa mama mkwe kesho mazikoni, naichukua.

Kicheko kilikatika. Yule mjane akaanza kufuta brashi yake, akaifuta na kuifuta. Mkeo unamjua, hana jambo asilolijibu, hata mchungaji anamwogopa. Siku ile alijifuta mikono tu. Akaitazama ngatu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema ni yako, wifi, na nyumba ni yako. Akamwita Fane waikunje. Fane alikunja upande wake polepole bila kuniangalia, akihakikisha rangi mbichi haigusani. Hata wakati wa kunyang'anywa aliogopa isije ikaharibika. Kisha wakanibebea mpaka nyumbani.

Baada ya maziko Pisila alianza upya. Miche iliyobaki ilikuwa michanga, magome yake hayakuwa na unene, akiyagonga yanatoboka. Ndipo mvua ilipokuja. Vipande vilikataa kukauka, vikaanza kuota ukungu, akatupa, akaomba magome kwa ndugu zake wa Ha'apai, hawakuwa nayo. Habari ikafika Nuku'alofa. Mama yake Lisiate akatuma ujumbe kwamba wasihangaike, kama hali ni ngumu huko Vava'u wao wataridhika na mablanketi ya dukani. Hivyo ndivyo alivyosema, mablanketi ya dukani! Mwanamke yule anajua kutukana huku anatabasamu. Pisila akajibu kwamba binti yake hataolewa juu ya blanketi kama mgonjwa wa hospitali, na harusi ikasogezwa. Sasa kuna maneno ya chini kwa chini kuwa kijana anaangaliziwa msichana mwingine huko huko. Kila Jumapili Fane bado ananiletea sahani yangu kutoka tanuri la kwenu, nyama ndani ya majani ya magimbi na tui zito, na vile vipande vya juu ambavyo ni vya shangazi. Ananiamkia, anakaa kidogo, anaondoka. Mimi nakula.

Hadi hapo utasema, dada yangu ametumia haki yake, na msiba ulikuwa mkubwa. Ndivyo kijiji kizima kinavyosema. Hakuna aliyenilaumu. Sasa nakwambia lile ambalo hata Feleti sijamwambia.

Ngatu haikwenda msibani.

Mawifi zangu upande wa Feleti walileta marundo ya mikeka na ngatu, nami nilikuwa na mikeka yangu miwili mizuri na ngatu niliyopewa kwenye harusi ya mwanangu. Nikavitoa hivyo, vikatosha, nikashukuriwa. Pisila alikuwa nyuma jikoni na wapishi, macho yametiwa moshi, hakuona kilichotandazwa mbele. Ngatu ya Fane ilikuwa nyumbani, imekunjwa, chini ya godoro langu. Na ilikuwa hapo tangu siku ile. Nimekuwa nikiilalia.

Sikuihitaji, Inoke. Nilipokuwa natembea kuja kwenu nilijua siihitaji. Niliichukua ili muone. Nilitaka mkeo asimame mbele ya wanawake wenzake akose la kusema, na binti yako ajue kwamba harusi yake haiwezi kupita bila kupitia kwangu. Haki waliyonipa wazee wetu niitunze niliifanya fimbo, nikampiga nayo mtu asiyeweza hata kuuzuia mkono wangu. Na kwa muda, nisikufiche, nilifurahi. Furaha ilikuwa fupi mno. Baadaye kila nilipotandika kitanda nilikuwa nageuza uso.

Jumapili iliyopita Fane alipoleta sahani, alikuwa amekonda. Nilimwuliza Lisiate hajambo. Akasema hajui, shangazi, siku hizi hajampigia. Akasema kwa adabu tu, kama mtu anayejibu bei ya kitu. Akaniuliza kama chumvi imetosha kwenye nyama.

Jumatatu asubuhi nikafanya jambo ambalo mtu wa cheo changu halifanyi. Nilijifunga kiunoni ule mkeka mkuukuu uliochanika wa marehemu mama. Nikavaa shingoni shada la majani ya ifi, kama wafanyavyo waliomkosea chifu. Nikaipakia ngatu kwenye toroli, nikaisukuma mwenyewe mpaka kwenu, nikaketi chini kwenye nyasi mbele ya mlango, kichwa nimeinamisha. Nilidhani aibu yangu nitaitua pale.

Pisila alitoka na bakuli la maganda ya viazi ya kumpa nguruwe. Aliponiona bakuli lilimwanguka. Akanikimbilia, akanishika kwapani akaninyanyua, mimi na unene wangu huu, akanisukuma ndani huku ananikaripia kwa kunong'ona. Vua hayo majani, wifi, vua upesi, majirani wanaona! Unataka waseme mke wa Inoke amemkalisha wifi yake chini kama mhalifu? Hukuridhika na ngatu, sasa unataka na jina langu? Akayararua majani shingoni mwangu kwa mkono wake, akayasokota, akayatia kwenye moto wa chai.

Nikamwambia yote. Chini ya godoro, msibani, kwa nini. Alisikiliza huku anatazama lile toroli kupitia mlangoni. Kisha akacheka, cheko baya, akasema bora ungeniibia, wifi. Mwizi ningempigia kelele, kijiji kingetoka. Wewe nikupigie kelele kwa nani?

Nikamwomba anisamehe. Akafikiri sana, maana Pisila si mtu wa kutupa maneno matamu, na akasema hawezi. Alisema si kwamba hataki, ila yeye ni nani wa kumsamehe dada wa mumewe. Tangu alipoingia katika ukoo huu kila msamaha umetoka kwangu kwenda kwake, wala hajui ukienda upande wa pili unasemwaje. Nikamwambia basi aipokee ngatu. Akakataa. Alisema akionekana ameirudisha ndani, watu watasema amemnyang'anya shangazi haki yake, na Fane ataolewa juu ya laana. Akaifunika kwa turubai, akaniambia niirudishe kwangu.

Tena ni yeye aliyeona njia, kwa kuwa mimi nilikuwa nalia tu. Alisema siku ya harusi niilete mimi, hadharani, kama zawadi ya shangazi. Hapo hakuna atakayeuliza. Mama yake Lisiate atafumba mdomo, Fane ataketi juu ya kitu chake, na kila mtu atakuwa na heshima yake. Nikamwambia na wewe je, kazi ya mikono yako? Akasema mikono yangu inajua. Akanipa chai, nikanywa.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa, mdogo wangu. Ujumbe umeshatumwa Nuku'alofa kwamba shangazi wa bibi harusi ana ngatu kubwa, na Lisiate alipiga simu jioni ile ile. Harusi itafanyika ukisharudi. Watu wataitandaza uwanjani, watapiga makofi, watasema tazama moyo wa Lesieli, tazama anavyompenda mtoto wa kaka yake. Wageni watauliza ni mkono wa nani, na mkeo atainama kwenye sufuria zake asiseme. Nitakaa mbele, nimepakwa mafuta, nikisifiwa kwa kutoa nilichonyang'anya. Sina njia ya kuwakatiza bila kumwaibisha Pisila, na nimeshamwaibisha vya kutosha.

Kisha utasimama wewe, baba wa bibi harusi, kama mila inavyokutaka, uniinamie mbele ya watu wote na kunitolea shukrani. Hilo sitaliweza. Maisha yangu yote nimechukua kwako bila kuomba, na leo naomba: siku hiyo, wewe usinishukuru. Simama, maana lazima usimame. Uniangalie, kisha ukae.

Mkono wa Feleti u pamoja na wangu katika kukutakia afya. Wasalimie vijana wa kijiji mlio nao huko, waambie mama zao wazima na wanawangoja kanisani. Jifunike kifua unapokwenda shambani, na Mungu akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako,
Lesieli