Nani Alikutwisha

Jumatatu, 22 Septemba

Nimefagia chini ya mikorosho ya upande wa barabara. Mgongo unauma. Korosho zimeanza kudondoka, chache. Bomba limekauka tena. Kila kiongozi anayepita hapa Chilangala anaahidi kumtua mama ndoo kichwani. Mimi ndoo ningali nayo. Nimechota kwenye tenki la Mama Zuhura, jirani yangu, mwenye roho nzuri na maneno mengi.

Jioni mjukuu wangu Neema kapiga simu kutoka Masasi. Mtoto wake anabatizwa Jumapili ya tarehe tano. Nikafurahi. Nikauliza jina. Akasema Tabu.

Tabu ni mdogo wangu. Yupo hai, anaishi Chiwata, na mdomo wake upo hai kuliko yeye.

Nikasema chaji imeisha. Nikakata.

Jumanne, 23 Septemba

Sijalala vizuri. Nina hasira. Naiandika hapa maana hapa hakuna wa kunijibu.

Neema kampa mtoto jina hilo kwa sababu ya ile hadithi. Basi niiandike ilivyo. Zamani huku juu maji hayakuwepo. Wanawake walishuka bondeni giza bado halijatoka, wakachota, wakapanda mteremko na madebe kichwani. Mama alishuka na tumbo lake kubwa maana hakuwa na wa kumshukia. Nilikuwa naye, kabinti, sijavunja ungo. Wakati wa kupanda uchungu ukamshika. Wenzake wakamzungushia kanga. Tabu akazaliwa palepale njiani, ndiyo maana akaitwa Tabu.

Hadi hapo ni kweli tupu. Kuanzia hapo mdogo wangu anaongopa. Anasema Mama aliinuka, akamfunga mtoto kifuani, akajitwika debe lake akapanda. Mzazi wa saa hiyo hiyo abebe debe. Na watu wazima wanaitikia. Halafu anamweka na simba juu ya jiwe, anawatazama. Hakukuwa na simba. Fisi alilia mara moja, tena ng'ambo. Simba wa Tabu anakua kila mwaka, mwaka huu nadhani atakuja na mke.

Ukweli ni huu. Maji yote, debe la Mama na kibuyu changu, yaliisha kwa kuwasafisha. Wale wanawake walitoa mabega, hawakutoa maji. Kila mmoja nyumba yake ilikuwa inamsubiri. Wakamshika Mama huku na huku, wakampandisha. Mimi nikaambiwa rudi bondeni, nyumbani hakuna hata tone la kumkanda mzazi. Nikarudi na debe, peke yangu. Nikaleta maji.

Mimi niliona kwa macho. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anafunguliwa macho. Alichonacho kakipata kwetu, halafu mimi mwenyewe kanitoa.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nabishana na Tabu kichwani.

Nikubali jambo moja. Mimi sijui kusimulia. Nasema nilishuka, nikachota, nikapanda, basi. Neema alipokuwa mdogo nilimsimulia mara nyingi tu. Alikuwa analala kabla sijafika bondeni. Likizo akienda Chiwata anarudi na hadithi ya Tabu mdomoni, na simba, na wimbo. Kwa yule alikuwa anaomba irudiwe.

Nauliza sasa. Jambo likitokea, ni la aliyechoka au la mwenye sauti? Naona ni la mwenye sauti. Aliyechoka anabaki na shingo mbovu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimenunua kitenge cha ubatizo. Neema kanipigia tena, ananitania, ananiita mke mwenza, eti nije mapema nisije nikapoteza nafasi yangu kwa bwana. Wakati mwingine ningemjibu hadi akome. Leo nimesema sawa.

Nimepanga kusema. Mbele ya watu. Mtoto asibatizwe kwa uongo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Masasi. Joto la huku chini silipendi. Nimemkuta Tabu kafika zamani, kakalia kiti kizuri, kampakata mtoto. Anamwita somo wangu, somo wangu. Kanisalimia shikamoo dada. Nimeitikia nikitazama mlango.

Mtoto ni mzuri. Hilo silifichi. Ana vidole virefu kama Mama.

Jumapili, 5 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya kanisa, pilau, soda, wageni uwanja mzima. Tabu akapewa kipaza sauti aeleze jina la mtoto. Kasimulia vizuri. Nasema kweli, vizuri sana. Akashusha sauti pale penye uchungu, akanyamaza pale pa kunyamaza. Mama akainuka, akajitwika debe. Simba akaondoka zake kwa heshima. Watu wakafuta machozi. Neema naye.

Nikasimama. Kipaza sauti sikupewa. Nikasema Mama hakubeba maji siku ile, niliyabeba mimi. Nikasema nilirudi bondeni peke yangu, gizani, nikaleta debe limejaa.

Tabu akacheka kidogo, kwa upole, kama anavyowachekea watoto wa Shule ya Jumapili. Akasema kwenye kipaza sauti:

"Dada yangu, debe limejaa, na wewe peke yako. Nani alikutwisha?"

Wanawake wote wa umri wetu wakacheka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Debe lililojaa hulinyanyui mwenyewe kutoka chini hadi kichwani, tena mtoto. Kisimani unamsubiri mwenzako, unamtwisha, anakutwisha. Asiye na mwenzake harudi na maji.

Swali lilikuwa la haki. Ndiyo maana liliniuma hivyo. Jibu nilikuwa nalo, tena mikononi, naona hadi lile jiwe la kisimani. Mdomoni halikufika. Nilisimama pale kama mwizi. Mtu akanivuta kitenge, nikakaa.

Sikumaliza chakula. Nimepanda gari, Noah ya kurudi huku Newala, bila kumuaga yeyote.

Jumatatu, 6 Oktoba

Namchukia mdogo wangu. Nimeiandika hiyo, nikaisoma tena. Sijaifuta.

Nimeokota korosho hadi saa sita.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama Zuhura kashasikia. Kaja na mbaazi kwenye bakuli, kazunguka weee, mwisho akauliza ni kweli niligombana na ndugu yangu kwenye sherehe ya mtoto. Nikamwambia mbaazi zako zinapoa.

Simu ya Neema inalia, sipokei. Anachotaka nakijua. Anataka yaishe. Watu wa siku hizi wanataka kila kitu kiishe, hata kisichoanza. Hawaulizi nini kilitokea, wanauliza lini mtapatana.

Nimeamua. Sehemu yangu ya ile siku nitakufa nayo. Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi, na mimi siigawi. Wabaki na simba wao.

Jumamosi, 11 Oktoba

Neema huyu hapa. Kaja bila kusema, mtoto mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Shikamoo bibi. Marahaba. Nimempa ugali wa muhogo wa jana na kisamvu. Kala bila kulalamika, kanikera zaidi.

Kaniomba radhi kwa niaba ya bibi yake mdogo. Nikamwambia radhi haibebwi na mtu mwingine, si mzigo wa kuni. Mtoto kalia, kambembeleza. Jina nimelisikia mara nyingi mno ndani ya nyumba yangu kwa siku moja.

Akauliza kwa nini sikujibu pale uwanjani. Nikazima taa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani hatukwenda.

Asubuhi Neema kachukua ndoo kubwa kwenda kwa Mama Zuhura, mtoto mgongoni. Nikamfuata. Si kumsaidia, nilitaka kuona asimwage maji ya watu. Mama Zuhura alikuwa shamba. Neema akaweka ndoo chini, akaijaza hadi juu. Kisha akaanza kuhangaika nayo. Anainyanyua hadi magotini, inamshinda, anaishusha. Maji yakamwagikia miguuni.

Nilisimama nikamtazama. Nitasema ukweli, nilitaka ashindwe. Nilitaka mmoja wao ajue uzito wake.

Lakini maji yale yakaniuma. Nikamwambia rudisha yote kwenye tenki. Nikachukua ndoo tupu nikaiweka juu ya ule ukuta mfupi wa tofali, pembeni kabisa. Nikampa kopo. Nikamwambia jaza hapohapo juu, taratibu, na majani weka juu yake maji yasicheze. Kachota, kapeleka, kachota, kapeleka. Ilipojaa nikamwambia weka ngata kichwani, chuchumaa, ingiza kichwa chini ya ukingo, ivute kidogo kidogo mpaka ikae. Usiinuke kwa mgongo. Inuka kwa mapaja.

Akainuka. Hata tone.

Akapiga hatua chache, akasimama. Shingo hawezi kugeuza. Akasema akitazama mbele:

"Bibi, kumbe palikuwa na jiwe."

Nikasema palikuwa na jiwe.

Njia nzima alitangulia. Mimi nilikuwa nyuma namtazama mtoto mgongoni, kalala, shuka limelowa pembeni.

Tulipofika mlangoni akasema, nitue bibi. Nikamtua. Halafu nikakaa kizingitini. Neno dogo vile. Nitue. Mimi siku ile sikulisema.

Basi nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu babu yake. Nilifika nyumbani jua limeshatoka. Mlango umefunguliwa nusu. Ndani wanacheka. Wanasema mtoto ana pua ya fulani, ana masikio ya fulani. Nikasimama nje na debe kichwani, nasubiri mtu atoke anitue. Nikijishusha mwenyewe yatamwagika, na nimeyatoa bondeni. Sikuita. Nilitaka mtu akumbuke kwamba nipo. Shingo ikawa inatetemeka, nikaishika kwa mikono. Wakaendelea kucheka. Mwisho baba akatoka kutema mate, akaniona, akasema kumbe upo. Akanitua, akaingia na maji ndani.

Hakuna aliyeuliza nilitwishwa na nani. Mama akakandwa, Tabu akaogeshwa. Maji yangu.

Neema hakulia. Ningemfukuza kama angelia. Kauliza tu, uliitazama pua yake? Nikasema niliitazama siku ya pili. Pua ya kawaida.

Tumemenya muhogo hadi jioni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Neema kaondoka na gari la asubuhi. Nimemwambia asimwambie mtu. Hakuitika. Anajifanya anamfunga mtoto.

Kanifanya nifikiri. Miaka yote nilidhani hawasikilizi kwa sababu sijui kusimulia. Labda. Lakini pia kile kipande cha mlangoni sikukisema kamwe. Niliwapa maji, sikuwapa shingo. Sijui. Sitaki kumpa Tabu nafuu kwa mawazo yangu mwenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Bado nina hasira naye. Nimejipima, ipo.

Korosho leo nzuri, kubwa. Mabibo yake yanaozea chini, nyuki wamejaa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Bomba bado. Nimekwenda kwa Mama Zuhura jioni, nikaiweka ndoo juu ya ukuta, nikajaza, nikaingia chini yake. Magoti hayataki tena lakini yametii.

Nimerudi polepole. Nilipofika uani nikamwona Tabu kakaa kibarazani kwangu, peke yake, mfuko wake wa safari miguuni. Viatu vimejaa vumbi. Kazeeka kuliko siku ile ya uwanjani, au nilikuwa sijamtazama.

Nikaenda hadi mlangoni, nikasimama.

Akainuka. Hakusalimia, hakutabasamu. Akaja mbele yangu akashika ndoo kwa mikono miwili, nami nikaachia. Akaishusha polepole hadi chini. Majani yalikuwa bado juu ya maji. Akabaki ameinama, mikono kwenye ukingo wa ndoo, muda mrefu.

Kisha akasema shikamoo dada.

Nilimchelewesha kidogo. Halafu nikaitika.