Gari Limepanda, Bibi Amebaki Chini

Jumanne, Nangurukuru. Wingu limetanda tangu alfajiri, mvua haishuki, jasho halikauki. Mgongo unauma na roho nayo imenuna.

Leo tumeinua stesheni wagoni ya Bwana Rashidi. Yeye anafanya kazi Dar. Gari analo mama yake, Kipatimu, linaendeshwa na dereva. Ndilo linalomleta bibi huyo kliniki ya presha. Masika iliyopita lilikalia jiwe kwa tumbo, bibi akalala ndani yake hadi asubuhi. Rashidi akaapa halitakwama tena.

Tukaongeza vyuma juu ya springi, tukafunga shokapu ndefu na matairi makubwa. Usukani ukikatwa, tairi likawa linakwaruza bodi. Mimi ndiye niliyesema tuongeze kipande kingine cha chuma. Fundi Hamisi, bosi wangu, akakubali. Gari likasimama kama korongo. Tukapiga nalo picha.

Alasiri Rashidi, aliyekuja kutoka Dar, akamleta mama yake na dereva, ili bibi arudi nalo nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Akashika mlango, akainua mguu uliovimba. Haukufika. Akajaribu wa pili. Akamgeukia mwanawe, "Rashidi, mimi nilikuomba gari. Huu mnazi nitaukwea vipi?"

Gereji nzima ikacheka. Rashidi hakucheka.

Tulipima mawe ya barabarani. Bibi hatukumpima.

Nikapiga goti, nikamwambia akanyage paja langu. Akanishika kichwa kwa kiganja chote, kigumu, cha moto, akapanda. Tangu nitoke kwetu Kibondo hakuna mzazi aliyenigusa kichwa.

Akiwa kitini akauliza, "Na nikifika kliniki, nani atanipigia goti? Huyu dereva ana kitambi, hata kamba za viatu anafungiwa na mkewe."

Rashidi akasema basi tulishushe. Fundi Hamisi akamjibu kuwa jiwe lile halijahama, na masika inakuja. Rashidi akaangalia miguu ya mama yake.

Ngazi ya kuchomelea ingening'inia chini, jiwe la kwanza lingeing'oa. Nikachukua tairi moja dogo kati ya yale tuliyoyatoa, bado liko na rimu yake, nikalilaza chini ya mlango. Bibi akashuka juu yake. Akapanda tena, polepole, bila kushikwa na mtu. Tukalipakia nyuma, nikamwonyesha dereva namna ya kulilaza.

"Mama yako anaringa huko kwenu," bibi akaniambia. "Ana mtoto anayeona."



Mama yangu naye miguu imevimba. Kaka alinipigia simu akanieleza. Nikamwambia nitakuja msimu wa korosho ukiisha, gereji ikipoa. Korosho zimeisha. Gereji imepoa. Kila jioni napata sababu nyingine, na leo sina.

Gari lile limeondoka likiyumba juu ya miguu yake mipya. Bibi alinipungia mkono dirishani, nami nikajifanya nakusanya spana.

Huko Kibondo mama anapanda magari ya nani? Na akifika mlangoni, anakanyaga nini?