Kwa Nini ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Mashati mia mbili yamerudishwa. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi! Meneja kanipa fomu: niulize "kwa nini" mara tano mpaka nifike kwenye mzizi. Uchunguzi gani, na jibu analo tayari — uzembe wa fundi wa mikono. Ijumaa anataka fomu yenye sahihi yangu, na mtu wa kufukuza. Fundi wa mikono ni wifi yangu. Kazi nilimwombea mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekaa kando ya cherehani yake asubuhi nzima. Hakosei. Nikapima vipande kabla havijashonwa — vimeshapishana urefu! Basi si yeye. Nikamwambia, nikidhani atafurahi. Wapi! Kasema alinieleza hilo mwezi uliopita, jikoni, nikamjibu ya kazini yabaki kazini.

Ni kweli. Nilikuwa namenya vitunguu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa mkataji, yule tunayemwita Makasi. Siku hizi anapanga kitambaa tabaka themanini. Rundo likiwa nene hivyo kisu kinalala upande, vipande vya chini vinatoka vikubwa. Shati likipata mkono mmoja wa juu na mmoja wa chini, ndiyo hayo. Zamani tabaka zilikuwa arobaini. Nikauliza nani kaongeza.

Kanitazama kama namtania. "Si wewe, dada? Karatasi yako hii hapa."

Ameibandika ukutani. Sahihi yangu, Januari. Meneja alitaka kasi, mimi nikatoa wazo, nikapigiwa makofi, nikapewa ukaguzi mkuu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame — nimeinama, nimejikuta mwenyewe huko chini.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu kauliza mambo ya dada yake yamefikia wapi. Nikasema bado nachunguza. Mwongo mkubwa mimi! Wifi alikuwa anaosha vyombo. Alisikia.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nimemweleza meneja habari ya tabaka. Hakushtuka hata kidogo. Kasema sawa, andika, ila na jina la aliyeleta wazo liwepo. Kwamba yeye ndiye aliyelipitisha, hilo hakuligusa. Nami sikumkumbusha. Woga tu.

Mistari minne nimejaza. Wa tano nimeandika "kwa sababu", basi.

Wifi kapita hapa mezani. Mkasi wake na futi yake ameshatia mkobani, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Andika utakalo, wifi," kasema. "Ila kaka yangu utamwambia wewe."

Saa kumi meneja anakuja kuchukua fomu. Sasa tisa na nusu. Najaza daftari hili, fomu iko chini ya kiwiko.