Ngozi Kavu Haikunjiki

Kitui, 3 Machi 1958

Shemeji Kivuva,

U mzima? Dada yangu Nthenya mzima? Mimi mzima kuliko unavyopenda. Nimekushtaki kwa DC. Kaa mlangoni, askari wako njiani.

Basi, nimedanganya. Karani wa DC alinifukuza kabla sijavua kofia.

Lakini Januari ulinipa tembe zako za malaria, nikakojoa mkojo mweusi kama kahawa. Nawe, dresa mzima wa zahanati, ukatangazia soko lote la Kathonzweni kwamba Mbuvi amekunywa pombe mpaka imetokea chini. Hata pasta alicheka. Sasa daktari wa hapa amenieleza. Chembe za damu ni laini kama ngozi mbichi ya mbuzi, hujikunja zikapita mishipa myembamba. Zangu hazina kinga. Dawa yako ilizishika kama kutu inavyoshika jembe, zikakakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani, zikapasuka. Ule weusi ni damu, si pombe.

Daktari alisema neno jingine, linahusu nyumba yako. Hilo utalipata ukisimama siku ya soko, pale pale, useme: "Mbuvi hakulewa." Stempu ya kunijibu iko humu, ubahili wako naujua.

Shemeji yako,
Mbuvi

Kathonzweni, 20 Machi 1958

Shemeji Mbuvi,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa mpwa wako Kiilu, amerudi na homa kutoka mashamba ya katani. Nimetoa dawa miaka kumi na mitano. Sitafundishwa damu na mchunga mbuzi. Sokoni sisimami. Leo nimemwanzishia Kiilu tembe zile zile. Akipona nitamtuma akuonyeshe mkojo wake. Barua hii anakuletea Rashid wa maharagwe.

Shemeji yako,
Kivuva

Kitui, 26 Machi 1958

Kivuva,

Leo sisalimu. Mwachishe Kiilu tembe sasa hivi. Neno nililokuficha ni hili: damu hii hupitia kwa mama. Mama yetu alinipa mimi, akampa Nthenya. Yeye haikumdhuru, lakini mwanawe aweza kuwa nayo. Nilitaka kwanza nikuone umeinama. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Mbuvi

Kitui, 21 Aprili 1958

Shemeji wangu,

Mko salama? Dereva alisema uliisoma umesimama, ukaingia ndani. Sasa mto Athi umefurika, basi halivuki, na kuzunguka kwa njia ya Machakos, inakopita barua hii, sina nguvu bado.

Sokoni usisimame. Sema nililewa, nitaongeza mwenyewe kwamba nilianguka mtaroni.

Ila stempu yangu hukuitumia, maana barua yako ililetwa na Rashid. Nakudai hiyo tu. Ibandike, Nthenya aniandikie neno moja juu ya Kiilu.

Mjomba wake,
Mbuvi