Nywele Zangu Zimeuzwa Kanisani

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimeamua. Nitakata nywele zangu zote. Nimemwambia Nthenya leo na hakusema asante. Alisema, "Wewe ni mjinga, Mwongeli." Lakini alisema kwa sauti ya chini, halafu akanishika kichwa na kuanza kunifumua mistari. Kwa Nthenya, hiyo ni ndiyo.

Nthenya ni binti wa Anti Kavindu, dada ya mama. Wanaishi ng'ambo ya ua wetu wa minyaa. (Najiandikia mwenyewe na bado naeleza. Tabia ya insha!) Nywele zake zilianza kuanguka muhula wa kwanza. Duara moja nyuma ya sikio, halafu mengine, halafu zote. Daktari wa mjini Wote alisema si mapunye, haiambukizi, ni mwili wenyewe unafukuza nywele. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Lakini kufikia siku hiyo wasichana walikuwa wameshahamisha madawati yao. Na yeye ndiye alikuwa akitusuka! Kila Jumapili jioni, foleni mpaka kwenye zizi la mbuzi. Sasa hakuna anayetaka mikono yake. Tangu mwezi wa sita hatoki nje mchana. Hata mbaazi anapukuchulia ndani, pazia limeteremshwa.

Kuna mwanamke wa Kitui anaitwa Yvonne. Anatengeneza mawigi kwa nywele za watu, kwa ajili ya wale walionyonyoka. Hauzi. Mmoja anatoa nywele, mwingine anavaa. Mwalimu mkuu amekubali Nthenya aje na wigi shule zikifunguliwa tarehe 25. Na Nthenya amesema: likija wigi, nitarudi. Lisipokuja, nimemaliza shule.

Amemaliza! Kidato cha tatu! Yeye na hesabu zake!

Yvonne ameeleza kwa simu kwamba wigi la Nthenya limebaki sehemu ya mbele tu. Nywele ziwe safi, zimesukwa, zisiwe fupi kuliko rula ya shule. Zimfikie Alhamisi ijayo, la sivyo hataweza kumaliza.

Nimejipima. Nikiziacha, nywele zangu zinaishia masikioni. Nikizivuta, zinapita mabega.

Jumamosi, 16 Agosti

Kichwa changu ni yai.

Asubuhi Nthenya aliniosha, akazifunga nywele kwa uzi mpaka zikanyooka, akanisuka misuko minene. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikumharakisha.

Kukata kumefanyika kwa Muli kinyozi, sokoni hapa Kalamba, kwa sababu Susu, nyanya yangu, alikataa zikatwe nyumbani. Alikataa pia zikatwe kwingine. Mwishowe alikuja. Alikaa kizingitini kwa Muli, kitambaa amekitandaza magotini, na kila unywele ulioanguka sakafuni alitaka apewe.

"Susu," Muli akamwambia, "hapa chini kuna nywele za soko zima. Nitajuaje ni zipi za Mwongeli?"

Susu akasema basi atachukua zote.

Akachukua zote! Tumerudi nyumbani na mfuko wa nywele za wanaume wa Kalamba, na Susu amezichoma nyuma ya jiko. Ule moshi! Mbuzi walikohoa.

Hofu yake ni ile ya kila mtu hapa: nywele zako zikiangukia mkono mbaya, utafanyiwa mambo. Mama ameokoka, kwa hiyo haamini. Amesema, "Sisi hatuamini. Lakini kesho zipelekwe kanisani ziombewe, ndipo ziende Kitui."

Muli alizipima kwa rula yangu. Alivuta, akaachilia, zikaruka. "Hizi ni springi," akasema. Lakini zilitosha. Nthenya amefunga misuko yote pamoja kwa utepe mweusi. Nilipoishika ilikuwa bado na joto. Au ni mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Siwezi kuandika.

Naandika.

Mama alizifunga kwa kitambaa cheupe, akaziweka juu ya meza ya mbele ili Pasta azione, kisha akaenda jikoni kupika chai ya wageni. Sasa meza ile ndiyo ya sadaka za shamba. Asiye na pesa analeta papai, mayai, machungwa, kuku, na ibada ikiisha vitu vinanadiwa. Kila Jumapili, tangu nizaliwe. Mimi nilijua. Mama alijua. Hakuna aliyefikiria! Na Pasta hakuwepo, alikuwa Wote kwa mkutano.

Mnada ni wa Mzee Nzuki. Anaupenda kuliko mahubiri. "Kuku huyu ameokoka!" akasema. "Hajawahi kula mahindi ya jirani!" Kuku akauzwa. Boga likauzwa. Halafu akafungua kitambaa cheupe.

Akaziinua juu, akazitikisa.

"Bwana asifiwe! Nywele za duka! Mtoaji amejificha lakini Mungu anamwona. Na hazijavaliwa hata siku moja!"

Nimezivaa maisha yangu yote.

Nilitaka kusema. Mdomo ulikataa. Basi nikaivuta bereti niliyofichia kipara, nikainua mkono, kama darasani.

"Dada wa bereti ameanza! Nani anaongeza?"

Shemasi Nzau alikuwa ndio anaingia, ametoka kumfunga punda wake. "Mimi!" akasema kutoka mlangoni.

Nikapunga mkono. Hapana, hapana.

"Dada ameongeza tena!"

Makofi. Nzau akaongeza. Nikapunga mikono yote miwili.

"Maradufu! Kijana mdogo na moyo wa kutoa!"

Mama mmoja nyuma yangu akanivuta sketi. "Mwachie mzee, binti. Nyenyekea." Nikanyenyekea. Nikaketi. Nzau akalipa, akazitia mfukoni mwa koti, akaenda zake na punda.

Mama alipotoka jikoni na birika, nilikuwa bado nimeketi. Kanisa limebaki tupu, mimi na maganda ya machungwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Mama amekwenda kwa Nzau, amerudi.

Nzau alidhani ni usinga! Ule wa mkia wa ng'ombe, wa kufukuzia nzi! Kwa mbali aliona kitu cheusi kinaning'inia mkononi mwa Nzuki, na amekuwa akitamani usinga tangu mzee wa ukoo apate wake. Alipofika nyumbani akafukuza nzi mara moja, akasikia harufu ya mafuta ya nazi. Nywele za mtu! Akashtuka, akazificha. Wapi? Hataki kusema. Ataleta mwenyewe kesho. Mama amemkubalia na wakanywa chai. Sijui ni kwa nini watu wazima wanaaminiana hivi.

Nthenya ameniuliza kama gari la Kitui limeshachukua nywele.

"Bado zinaombewa," nikasema.

"Ni maombi gani hayo? Zina mapepo?"

Jumanne, 19 Agosti

Mama Kalunde, mke wa Nzau, amerudi kutoka Kambu alikokuwa akiuza machungwa. Amechukua koti la mumewe alifue. Mfukoni: nywele ndefu za mwanamke, zimefungwa utepe.

Nzau analala kwa punda.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Kalunde ameita kikao. Uani kwake, viti vya kanisa, Pasta katikati. Nywele zangu amezishika mwenyewe, kwa vidole viwili, kama panya.

Mzee Nzuki akaeleza mambo ya mnada.

"Kanisa linauza nywele tangu lini?"

"Ilikuwa bahati mbaya, mama."

"Na Jumapili ijayo mtauza meno?"

Pasta akasema yeye alikuwa Wote, hivyo hawezi kushuhudia. Nzau akasema alidhani ni usinga. Mama Kalunde akamwuliza ni ng'ombe gani anafungwa utepe.

Ndipo mama akasimama akasema nywele ni za kwetu.

"Aaa! Kumbe ni wewe!"

"Za binti yangu!" Mama hajawahi kuketi haraka hivyo.

"Basi aje na kichwa chake. Tulinganishe."

Nikasimama. Nikavua bereti.

Watu wakaangalia kichwa changu. Kisha nywele. Kisha kichwa.

"Aiya! Huyu hana hata unywele mmoja," Mama Kalunde akasema. "Mnaniletea shahidi kipara?"

Nikasema ni kwa sababu zimekatwa. Nilisema kwa sauti! Sentensi nzima! Akajibu kwamba kila kipara anaweza kusema hivyo, hata Pasta. Pasta akajishika kichwa.

Nilitoa picha ya darasa. Mistari. "Wasichana wote wa hapa wana mistari," akasema, na alikuwa sawa. Nikaeleza habari ya Yvonne na wigi. Akauliza kama kweli kuna mtu mwenye akili anayetoa nywele zake bure. Watu wote wakanigeukia tena. Nilitaka kusema: ninampenda binamu yangu na nataka akae dawati la kando yangu. Nikasema, "Ndiyo."

Akazigeuza mkononi, akavutavuta msuko mmoja.

"Nani alizisuka?"

"Nthenya wa Kavindu."

Mwanamke mmoja akampakata mtoto wake vizuri zaidi, kana kwamba jina tu linaambukiza.

"Basi aje anisuke mimi," Mama Kalunde akasema. "Mkono wa msusi naujua nikiuona. Ukifanana na huu, binti atapata nywele zake na mzee ataingia ndani. Usipofanana, nakwenda kwa chifu."

Kuna aliyenong'ona: mapunye.

"Mimi ni nyanya ya watu," akasema. "Mapunye yakija yatanikuta nimekaa."

Jioni nimemwambia Nthenya yote. Kuhusu mnada alicheka. Kuhusu usinga alianguka kitandani. Kuhusu Nzau na punda aliniomba ninyamaze, tumbo linauma. Kisha nikafika mahali pa yeye kuitwa, akaacha kucheka.

"Nataka wigi ili nitoke nje," akasema. "Sasa unasema nitoke nje ili nipate wigi."

Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyo.

"Nani amepanga haya mambo?"

Nikasema ni kanisa.

Akageukia ukuta. Nilitaka kumwomba. Sikumwomba.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nimeketi juu ya gunia la mbaazi, uani kwa Mama Kalunde. Gari la Kitui linapita sokoni saa nane. Mama yuko huko stejini, amwambie dereva angoje.

Asubuhi nilifungua mlango na Nthenya alikuwa amesimama nje. Nje! Kitambaa cha kijani amekifunga mpaka kwenye nyusi, kitana mkononi, uzi shingoni. Hakunisalimia. "Ukinishika mkono nitarudi," akasema. Sikumshika. Tulipita sokoni kama watu wanaobeba maji vichwani. Muli alizima mashine yake. Msichana wa darasa letu alituona, akavuka barabara, halafu akavuka tena akarudi, nadhani kwa aibu, halafu akavuka tena. Tulimwacha akiendelea.

Hapa, Mama Kalunde alikuwa ameshaketi kwenye mkeka, amefumua, nywele zangu pajani mwake. Nzau amesimama mbali, ameshika kamba ya punda. Nthenya akasimama nyuma ya Mama Kalunde, mikono hewani, bila kugusa.

"Unangoja nini, mwanangu? Kichwa ndicho hicho."

Akagusa.

Msuko wa kwanza ulipoisha Mama Kalunde aliuvuta mbele ya macho, akaulinganisha na wangu. "Sioni vizuri. Suka mwingine."

Wa pili. "Unakaribia. Suka mwingine."

Nzau ameuliza kama sasa anaweza kuingia. "Kesi haijaisha!" Mama Kalunde amemjibu, macho amefumba.

Kuna jirani alikuja kuomba kiberiti. Amepewa kiberiti, hajaenda. Amevua kilemba na kuketi kwenye mkeka, nyuma ya Mama Kalunde, bila kusema anangoja nini. Halafu mwingine, na kiti chake. Wa tatu ni yule wa jana, mwenye mtoto. Amesimama langoni. Anaingia hatua moja, anatoka.

Sasa hivi Nthenya ameinama kugawa nywele za kisogoni na kitambaa chake kimeteleza. Kimeanguka. Jua lote kichwani. Kila mtu ameona, hata punda, isipokuwa Mama Kalunde kwa sababu anaangalia mbele.

Mikono ya Nthenya imesimama.

"Mbona kimya?" Mama Kalunde anauliza. "Kuna aliyekufa? Suka, mwanangu, nina machungwa ya kuchuma."

Anasuka.

Honi. Ni gari la Kitui! Nywele bado ziko pajani mwa Mama Kalunde, na amezilalia kwa kiwiko. Nimeokota kitambaa, nimekipangusa vumbi, nimempelekea Nthenya.

"Si hicho," amesema, bila kuniangalia. "Nishikie kitana."

Nimeshika kitana kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Honi tena. Yule mwenye mtoto ameingia, anauliza foleni inaanzia wapi.